Kunguni wa kitanda usichokilalia

Kila wiki sasa, katika makundi ya WhatsApp ya vijana wa tehama, hakosekani mtu wa kutuma video ya dakika moja: ameiandikia programu ya akili unde sentensi mbili, akasubiri kidogo, na tovuti imetokea ikiwa na rangi, picha, vitufe, hata fomu ya mawasiliano. Chini ya video hizo maoni huwa ya aina mbili. Wapo wanaoshangilia kwamba kazi iliyokuwa ikigharimu mamilioni sasa ni ya bure, na wapo wanaouliza kwa uchungu kama miaka mitatu waliyokaa chuoni imekwenda na maji. Februari 2025 Andrej Karpathy, mmoja wa waanzilishi wa OpenAI, aliipa jina la "vibe coding" namna hii ya kuiambia kompyuta unachotaka bila kujali sana msimbo, yaani maagizo ya kiprogramu, uliomo ndani, na tangu hapo mazungumzo hayajapoa. Kwa maoni yangu pande zote mbili zimekosea mahali pamoja. Zinadhani kutengeneza tovuti ni kutoa ukurasa unaoonekana. Ukurasa haujawahi kuwa sehemu ngumu ya kazi hii. Sehemu ngumu ni kumjua mtu atakayeufungua: ana simu gani, bando kiasi gani, amekuja kutafuta nini na atakwama wapi. Hiyo bei yake haijashuka hata senti.

Ahadi hii si mpya. WordPress ilipotoka mwaka 2003 tuliambiwa kwamba mtu yeyote angeweza kuwa na tovuti bila kujua msimbo, na kwa kweli ikawa hivyo. Leo zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani zinaendeshwa kwa WordPress. Utengenezaji ulirahisika, lakini kwa mtumiaji mambo hayakurahisika kwa kiwango hicho. Mabadiliko makubwa kwake yaliletwa na watu walioanza kazi upande wa pili. Uingereza, baada ya ripoti ya mwaka 2010 ya Martha Lane Fox, mshauri wa serikali kuhusu huduma za mtandaoni, iliunda kitengo cha huduma za kidijitali mwaka 2011, na Oktoba 2012 ikazindua GOV.UK kuchukua nafasi ya tovuti kubwa za serikali zilizokuwa zimefurika maandishi. Kanuni yao ya kwanza ilikuwa kuanza na mahitaji ya mtumiaji, si ya ofisi. Fungua ukurasa wao wa sikukuu za kitaifa uone: swali ambalo karibu kila mtu huja nalo ni sikukuu ijayo ni lini, na jibu liko juu kabisa, kwa maandishi makubwa, tarehe na siku. Hakuna salamu za waziri wala picha zinazozunguka. Tovuti hiyo yenye sura ya kawaida kabisa ilishinda tuzo ya Usanifu Bora wa Mwaka 2013 ya Jumba la Makumbusho ya Usanifu, London. Majaji walioona usanifu mahali pasipo na pambo walikuwa wameielewa kazi.

Sisi huku tuna ushahidi wetu wa kila siku, ila tumeuzoea kiasi kwamba hatuuoni. Ushahidi huo ni steshenari.

Mapema mwaka huu nilikaa saa kadhaa kwenye steshenari moja Morogoro, njia ya kwenda stendi ya Msamvu, nikisubiri umeme utulie nichapishe nyaraka zangu. Nyuma ya kaunta alikuwa dada mmoja akimjazia mama mtu mzima fomu ya ofisi moja ya umma. Fomu ilidai majina matatu. Cheti cha mama kina mawili. Dada akaweka nukta kwenye nafasi ya jina la kati, mfumo ukakataa. "Zamani nukta ilikuwa inapita," akaniambia bila kuinua macho, "siku hizi wameiziba, kwa hiyo narudia jina la mwisho." Akarudia. Mama huyo sasa ana jina kwenye mfumo ambalo halimo kwenye kitambulisho chake, na siku atakapohitaji kuoanisha taarifa zake ataambiwa hazifanani. Ikafuata picha. "Mwanangu, imekataa tena?" "Ni kubwa mama, subiri niipunguze." Hakuna mahali palipoandikwa kiwango cha ukubwa mpaka mfumo ukatae kwanza. Wakati mama anapekua pochi kutafuta namba ya cheti, muda ukaisha na mfumo ukawatoa nje, wakaanza upya. Mwisho dada akafungua kaunta buku, akaandika jina la mama, namba yake ya simu na nywila aliyomtengenezea. Ukurasa ule ulikuwa umejaa majina na nywila za watu wengine, na nyuma yake kulikuwa na kurasa nyingi kama hizo.

Kila kitu alichokifanya yule dada ni ripoti ya kasoro. Anajua ni ukurasa gani ukibonyeza kitufe cha kurudi unapoteza kila kitu, kivinjari gani kinakubali na kipi kinagoma, na saa ngapi za usiku mfumo huwa mwepesi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, nasi tumempa yeye alale kwa niaba yetu sote. Nimewahi kukaa kwenye vikao vya kupokea mifumo, na sijaona hata kimoja ambacho mtu wa steshenari aliitwa kuulizwa.

Turudi kwa zana mpya, kwa sababu upande wake una hoja nzito na sitaki kuipita juu juu. Fundi seremala wa Keko, mama anayepika keki Mwenge, kikundi cha VIKOBA, parokia, msikiti, timu ya mtaa: wote hawa hawakuwa na laki kadhaa za kumlipa mtengeneza tovuti, na wengi walioweza waliachiwa ukurasa uliokufa baada ya mwaka kwa sababu aliyeutengeneza alibadilisha namba. Leo wanaweza kuwa na ukurasa unaosema tunauza nini, tuko wapi, piga namba hii. Kwa kazi ya aina hiyo zana hizi zinatosha na ni baraka, na kijana aliyekuwa akiishi kwa kuuza kurasa hizo lazima akubali kwamba soko hilo limefungwa. Hoja ya pili ya wafuasi wake pia ina uzito: fundi mwenye ujuzi akizitumia anapata nakala ya kujaribia ndani ya saa moja badala ya wiki mbili, kwa hiyo anaweza kuipeleka kwa watu mapema, akosee mapema na arekebishe kabla fedha hazijaisha. Mimi mwenyewe nazitumia kwa njia hiyo.

Tatizo linaanza pale zana inapopewa kazi ya kuamua. Programu hizi zimejifunza kutoka kwenye tovuti zilizopo, na tovuti zilizopo ni mwalimu mbaya. Shirika la WebAIM la Marekani hukagua kila mwaka kurasa za mbele za tovuti milioni moja zinazotembelewa sana, likitafuta makosa yanayowazuia watu wenye ulemavu. Mwaka 2025 asilimia 94.8 ya kurasa hizo zilikutwa na makosa. Kosa linaloongoza mwaka hadi mwaka ni dogo la kutia aibu: maandishi yaliyofifia, kijivu juu ya nyeupe, ambayo mzee hawezi kuyasoma na kijana mwenye macho mazima naye hayaoni akiwa juani kituo cha daladala. Lingine ni nafasi za kujaza zisizo na jina ambalo programu ya kumsomea asiyeona inaweza kulitamka. Anasikia "jaza", "jaza", "jaza", bila kuambiwa ajaze nini. Ukimpa mwanafunzi madaftari ambayo karibu yote yana makosa, ukamwambia ajifunze mwandiko, unajua atakachoandika. Na asikudanganye mtu kwamba dawa nyingine ya kubandika juu itaponya. Kampuni ya accessiBe iliuza programu ikidai kwamba inaweza kwa akili unde kuifanya tovuti yoyote ikidhi viwango vya ufikivu, yaani itumike hata na wenye ulemavu. Januari 2025 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilitangaza kwamba kampuni hiyo italipa dola milioni moja kwa sababu ya madai hayo.

Kuna pia suala la uzito, ambalo kwetu ni suala la fedha taslimu. Zana nyingi hutoa kurasa zenye picha kubwa, herufi za kupakua na msimbo mrefu wa kufanya vitu vicheze, kwa sababu aliyeziunda yuko kwenye intaneti ya kasi na kompyuta mpya. Chris Zacharias, aliyekuwa mhandisi wa YouTube, ameeleza jinsi alivyoupunguza ukurasa wa video kutoka kama megabaiti 1.2 hadi chini ya kilobaiti 100. Walipoutoa kwa sehemu ya watumiaji, wastani wa muda wa kufunguka ulipanda badala ya kushuka, naye akadhani ameharibu. Walipoangalia watumiaji wako wapi ndipo wakaelewa: watu wa Asia ya Kusini-Mashariki, Amerika ya Kusini, Afrika na kwingineko, ambao ukurasa wa zamani ungewachukua hadi dakika 20, walikuwa wamefika kwa mara ya kwanza. Kwao ukurasa mpya ulichukua dakika mbili hivi, na dakika mbili zilistahili kusubiriwa. Huwa narudi kwenye kisa hiki kila mtu anaponiambia kwamba takwimu zake zinaonyesha watumiaji wote wana simu nzuri. Takwimu zinawahesabu waliofanikiwa kuingia. Aliyeshindwa na itel yake yenye kioo kilichopasuka na MB 30 zilizobaki hayumo kwenye jedwali lolote.

Na lugha. Wengi hudhani kuweka Kiswahili ni kubadilisha maneno, yaani "submit" iwe "wasilisha" na kazi imekwisha. Chukua ujumbe wa kliniki unaosema miadi ni 8:00 AM. Ukiutafsiri neno kwa neno unapata "saa 8:00 asubuhi". Kwa Mswahili saa nane asubuhi haipo. Je, aje saa mbili asubuhi, au saa nane mchana? Mama mwenye mtoto mgongoni atakayechagua vibaya atachelewa kwa saa sita nzima, na atakayesemwa ni yeye. Msanifu anayeijua nchi angeandika "Jumanne, saa 2:00 asubuhi", akaweka na namba ya kupiga. Vilevile ujumbe wa makosa: "ingizo batili" ni Kiswahili sanifu kisichomsaidia mtu. "Namba ya simu iwe na tarakimu 10, ianze na 0" kinamsaidia. Kuna fomu zinazodai postikodi kana kwamba kila mtu anaikumbuka. Operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 ilipita kwetu, lakini muulize jirani yako postikodi ya kata yenu ni ipi.

Hoja ninayoisikia zaidi maofisini, na ambayo naiona dhaifu kuliko zote, ni kwamba tatizo ni wananchi: hawana elimu ya kidijitali, wakifundishwa watazoea. Inasemwa kwa upole, hata kwa huruma, lakini maana yake ni kwamba mteja akibanwa na kiatu basi afundishwe kutembea. Marekani, Oktoba 1, 2013, ilifungua HealthCare.gov kwa ajili ya bima za afya. Wananchi wake walikuwa na kompyuta na miaka mingi ya kununua mtandaoni. Kumbukumbu za vikao vya ndani zilizotolewa baadaye na kamati ya Bunge zilionyesha kwamba siku ya kwanza walioweza kukamilisha usajili walikuwa watu sita. Seva zilizidiwa na mambo ya ndani hayakuwa yameunganishwa sawasawa, lakini uamuzi mmoja wa usanifu uliongeza balaa: mtu alitakiwa kufungua akaunti kwanza ndipo aone bei. Mamilioni waliotaka kuchungulia tu wakasukumwa kwenye mlango mmoja mwembamba. Ni mifumo mingapi yetu inakutaka ujisajili kabla hujajua hata unatakiwa kuja na karatasi zipi?

Kinyume chake tunakiishi. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na kuingia Tanzania mwaka 2008. Bibi yangu hakuhudhuria semina. Alibonyeza *150*00# kwenye kitochi, akaona orodha fupi yenye maneno anayoyatumia nyumbani, kama kutuma pesa na kutoa pesa, akachagua namba, akaulizwa swali moja kwa wakati mmoja, na mwisho ukaja ujumbe wa kuthibitisha ambao aliutunza kama risiti. Watetezi wa hoja ya elimu watanijibu kwamba kulikuwa na mawakala waliofundisha, na ni kweli kabisa. Lakini angalia tofauti: wakala alihesabiwa kuwa sehemu ya huduma tangu mwanzo, akalipwa kamisheni, akapewa namba na bango. Dada wa Msamvu anafanya kazi ileile ya kumshika mtu mkono, ila analipwa na mama mwenyewe, juu ya ada ambayo mama ameshailipa ofisi.

Wengine husema ugumu ni usalama. Nywila iwe na herufi kubwa, ndogo, tarakimu na alama, ibadilishwe kila miezi mitatu. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ambayo zamani mwongozo wake ndio ulioeneza masharti hayo, iliyaacha katika mwongozo wa mwaka 2017: ikashauri urefu badala ya michanganyiko, na kutomlazimisha mtu kubadilisha bila sababu. Sharti ambalo binadamu hawezi kulitimiza hulikwepa, na ukwepaji wetu umeandikwa kwa kalamu ya bluu kwenye kaunta buku. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Wakili akiulizwa nani amevunja faragha ya wale watu, ataanza na aliyeandika kwenye daftari. Mimi ningeanza na aliyebuni ukurasa uliofanya daftari liwe la lazima.

Haya yote yana maana kwa namna tunavyonunua mifumo. Zabuni zetu hupima uzoefu wa kampuni, vyeti, orodha ya vipengele na bei. Mfumo ukiwaka siku ya makabidhiano, hundi inatoka. Sasa kwa kuwa sehemu ya kuandika msimbo inazidi kuwa rahisi, fedha hiyo ihamishiwe inakohitajika. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa matumizi ya tovuti, aliandika mwaka 2000 kwamba kuwaangalia watu watano wakitumia mfumo kunatosha kufichua sehemu kubwa ya kasoro zake, na ushauri wake ulikuwa kurekebisha, kisha kuita watano wengine. Watu watano tunao. Malipo ya mwisho ya mkataba yangoje mpaka watano wasio wafanyakazi wa ofisi hiyo, wenye simu zao wenyewe, mmoja wao asiyeona vizuri, wamalize shughuli nzima bila kusaidiwa. Ofisi iandike kila mwezi waliofungua fomu ni wangapi na waliofika mwisho ni wangapi, na ukurasa ambapo wengi hukata tamaa na kuondoka ni upi. Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2019, ina nafasi ya kuliweka hili kuwa sharti la mifumo ya umma.

Kwa kijana aliyekata tamaa baada ya kuona ile video, jibu langu halibadiliki. Usishindane na mashine katika kutoa kurasa. Kabla hujaandika chochote, omba kukaa wiki moja kwenye steshenari yenye foleni, ukiwa na daftari. Andika kila mahali mtu anaposita, kila swali analomwuliza aliye kaunta, kila kitu kinachoandikwa uongo ili fomu ikubali. Mlipe mwenye steshenari kwa muda wake kama mshauri na uiweke kwenye bajeti kwa jina hilo. Kisha chukua zana yoyote uipendayo, ya bure au ya kulipia, utengeneze fomu ambayo jina la kati si la lazima, ukubwa wa picha umeandikwa kabla ya kitufe na mfumo wenyewe unaipunguza, na taarifa zilizojazwa zinabaki hata mama akitumia nusu saa kutafuta cheti kwenye pochi.